Homa, usonji na daktari aliyecheka

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Kazi za gazeti, foleni, na mambo ya nyumbani. Leo nina jambo la nyumbani ambalo naona si la nyumbani kwetu tu, kwa hiyo naomba mnivumilie, litakuwa refu kidogo.

Mpwa wangu ana miaka sita na ana usonji. Wanaomjua wanajua kwamba hapendi kuguswa, hamtazami mtu machoni, na anaweza kuzungusha mfuniko wa sufuria sakafuni tangu asubuhi mpaka mchana. Maneno yake hayazidi kumi na huyatoa kwa nadra. Dada yangu anamlea kwa moyo wote, na majirani wana maelezo yao: mara karogwa, mara ni laana, mara mama alikula kitu kibaya akiwa mjamzito. Tumeshazoea.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua ikinyesha, dada alinipigia saa nne usiku. "Mdogo wangu, njoo. Njoo sasa hivi." Nilidhani ni msiba. Nikapanda bodaboda mpaka Tabata nikiwa nimelowa, nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mtoto kamlalia mapajani, mwili unachemka. Kipimajoto kilisoma 38.6. Mtoto akageuza shingo akanitazama. Sikumbuki ni lini mtoto yule aliwahi kunitazama. Akasema, "Anko." Halafu akamwambia mama yake, "Mama, maji."

Dada alikuwa analia. Nilidhani analia kwa sababu mtoto anaumwa. Kumbe analia kwa sababu ameitwa mama.

Asubuhi tulimpeleka kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Kipimo cha malaria kilionyesha hana, koo ndilo lilikuwa na shida, akapewa dawa. Dada akajikaza akamweleza daktari: mtoto huyu akipata homa anabadilika, anatazama watu, anaongea, anakaa na sisi. Si mara ya kwanza, hii ni ya nne. Daktari, kijana wa rika langu, akacheka. "Mama, mtoto akiumwa anatulia. Hata mimi nikiumwa natulia." Hakuandika kitu. Kwenye cheti ikabaki homa na koo. Jumatatu jioni homa ilikuwa imekwisha, na mfuniko ukaanza kuzunguka tena.

Sasa, mimi ni mwandishi wa habari. Mhariri wangu hapokei habari yenye shahidi mmoja, na hapokei habari ambayo shahidi wake ni ndugu yangu. Nikajiuliza, je, dada ni shahidi peke yake?

Si peke yake hata kidogo. Mwaka 1980, wahudumu wa kitengo cha watoto wadogo wenye usonji katika hospitali ya Bellevue, New York, walisimulia kwamba ugonjwa wa virusi ulipopita pale na watoto wakashikwa na homa, tabia zao zilibadilika, wakawa karibu zaidi na watu. Mwaka 1985 mwanasayansi Rodney Cotterill aliandika barua fupi kuhusu homa na usonji katika jarida la Nature. Miaka yote hiyo wazazi walikuwa wakisema kile kile alichosema dada, na mara nyingi walipata jibu lile lile alilopata dada.

Mwaka 2007 ndipo watafiti wa Taasisi ya Kennedy Krieger, Baltimore, walipofanya kitu rahisi ambacho kingeweza kufanywa zamani. Waliwapa wazazi fomu. Walichukua watoto 30 wenye usonji, wa miaka 2 hadi 18, waliopata homa ya nyuzi 38 na kuendelea, wakawalinganisha na wengine 30 wenye usonji ambao hawakuwa na homa. Wazazi walijaza fomu mara tatu: homa ikiwapo, homa ikishuka, na mtoto akishakaa siku saba bila dalili. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Pediatrics. Zaidi ya asilimia 80 ya wale wenye homa walionyesha nafuu fulani ya tabia, na asilimia 30 nafuu kubwa. Hasira zilipungua, hekaheka zilipungua, kurudiarudia vitendo kulipungua. Homa ilipoondoka, nafuu nayo iliondoka.

Nataka kumtendea haki daktari wetu, kwa sababu swali lake si la kijinga. Mtoto anayeumwa hutulia, kweli. Hata watafiti wale waliona kwamba watoto wenye homa walikuwa wamelegea zaidi, kama ulivyotegemea. Lakini walipopima yote wakahitimisha kwamba mabadiliko yale huenda hayakutokana na kulegea kwa ugonjwa peke yake, na wakataka utafiti zaidi. Na ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Uchovu unaweza kumfanya mtoto aache kuzungusha mfuniko. Uchovu haumfanyi mtoto asiyeongea aseme "Anko".

Halafu ukaja utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa katika jarida la Autism Research. Safari hii wazazi wa watoto 2,152 waliulizwa, na asilimia 17 walisema mtoto wao hupata nafuu akiwa na homa. Hapa tusimame kidogo. Asilimia 17 maana yake ni kwamba walio wengi hawakuripoti nafuu hiyo. Kama una mtoto mwenye usonji na akipata homa anazidi kulia, anajipiga masikio, halali, hujakosea kitu na mtoto wako hana kasoro ya ziada. Jambo hili lipo kwa baadhi tu. Na kilichonigusa mimi ni kwamba waliopata nafuu walielekea kuwa watoto wenye shida kubwa zaidi, wenye lugha kidogo na vitendo vingi vya kurudiarudia. Yaani watoto kama mpwa wangu.

Kwa nini inatokea? Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York, Mehler na Purpura, walitoa nadharia kwamba kuna sehemu ndogo katika shina la ubongo, inayohusika na umakini na pia na mwili unavyopandisha homa, na kwamba homa huirudisha kwa muda katika utaratibu wake. Kama ni hivyo, mitambo ya ubongo wa mtoto huyu haijavunjika. Ipo, ila haiendeshwi sawasawa. Ni nadharia, siyo hukumu, lakini ina uzito wake kwa mama aliyeambiwa kwamba mtoto wake "ndivyo alivyo, basi".

Mwishoni mwa 2019 watafiti wa MIT na Harvard, wakiongozwa na Gloria Choi na Jun Huh, walichapisha katika Nature kazi yao juu ya panya. Walikuwa na panya ambao mama zao, wakati wa mimba, kinga yao ya mwili ilichokozwa kana kwamba wana maambukizi, na watoto wakazaliwa hawapendi kukaa na wenzao. Panya hawa walipochokozwa mpaka wakapata homa, wakaanza kuwasogelea wenzao. Watafiti wakajiuliza, je, ni joto? Wakawapandisha joto bila maambukizi. Hakuna kilichotokea. Kilichofanya kazi ni kemikali moja ya kinga ya mwili iitwayo IL-17a, ambayo ilituliza sehemu fulani ya ubongo iliyokuwa imechangamka kupita kiasi. Tena panya ambao shida yao ilitokana na kasoro ya jeni hawakupata nafuu kwa njia hiyo, mpaka walipowekewa kemikali yenyewe ndani ya ubongo.

Panya si watoto, najua. Lakini somo la hapo ni muhimu sana kwetu: joto lenyewe halikufanya kitu. Kwa hiyo mtu asije akamfunika mtoto mablanketi au kumkalisha kwenye maji ya moto eti amesoma kwa fulani. Nimesema panya, na nimesema joto halikufanya kazi hata kwa panya.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya niandike.

Mwezi wa sita mtoto alipata homa tena. Dada hakunipigia usiku. Alinipigia asubuhi, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyelala. Akaniambia, "Mdogo wangu, nikuambie kitu usinihukumu. Jana sikumpa Panadol mpaka saa mbili zikapita. Alikuwa ananiangalia. Nilitaka aniangalie kidogo tu."

Sikujua la kumjibu. Wewe ungemjibu nini? Mama amesubiri miaka sita mtoto wake amtazame, na mlango umefunguka kidogo, na ufunguo wa kuufunga uko mkononi mwake, kidonge cha shilingi chache. Tena alikuwa ameshasikia kwenye simu kwamba Panadol inaleta usonji. Chanzo cha uvumi ule nakijua. Septemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliwaambia wajawazito waiepuke dawa hiyo, na Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba hakuna ushahidi wa uhakika wa uhusiano huo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2024, uliohusu watoto karibu milioni 2.5, ulipolinganisha ndugu wa tumbo moja haukuona uhusiano. Na hata hivyo mjadala wote ule ulihusu mimba, haukuhusu mtoto wa miaka sita mwenye homa.

Lakini hofu yangu haikuwa Panadol. Hofu yangu ilikuwa mbu.

Wazazi wa Baltimore wanaweza kukaa na homa ya mtoto usiku mmoja wakajaza fomu. Sisi tunaishi kwenye malaria. Mwaka 2006, katika jarida la watafiti wa usonji, kulichapishwa taarifa ya watoto 20 wa hapa hapa Tanzania. 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu kati ya hao walikuwa wamekua vizuri kabisa, mmoja mpaka miezi 22, mwingine 35, mwingine 42. Wakapata malaria kali, homa kubwa ya muda mrefu na degedege, na walipopona malaria, dalili za usonji zilianza. Kwa wengine wanne, malaria kali na dalili vilifuatana kwa karibu, ila sababu nyingine hazikuweza kuondolewa. Ni watoto wachache, na taarifa ya namna hiyo haiwezi kutuambia jambo hili hutokea mara ngapi. Usonji kwa jumla una mizizi mikubwa katika urithi. Lakini soma tena: homa ile ile ambayo dada anaiona kama ugeni wa heri, kwa familia nyingine ndiyo iliyoingia na kuondoka na maneno ya mtoto.

Ndiyo maana nilimwambia dada, kwa upole ila bila kuzunguka: homa ikija, mtoto anapimwa malaria siku hiyo hiyo. Dawa ya homa anapewa kwa kipimo cha uzito wake. Akitapika kila kitu, akipata degedege, akishindwa kuamka au kukaa, huo ni mwendo wa hospitali, hata kama ni saa tisa usiku na hata kama ametoka kukuita mama.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wazazi hawatalipenda. Kumsikiliza mzazi si kusema mzazi hakosei. Sisi tuna mfano wetu wa zamani. Wazazi wengi wa pwani na bara waliogopa sindano kwa mtoto mwenye degedege, wakisema sindano inaua. Walikuwa wameona kweli! Mtoto amechelewa, malaria imefika kichwani, anafikishwa hospitali, anachomwa sindano, anakufa. Walichoona ni kweli. Sababu waliyoitoa ndiyo haikuwa kweli, na ikawafanya wengine wampeleke mtoto kwa mganga kwanza.

Wazungu nao walikuwa na degedege lao. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza na wenzake walichapisha katika Lancet taarifa ya watoto 12, na wazazi wakaamini kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inaleta usonji. Wazazi walikuwa wameona: mtoto kachanjwa, baadaye kaacha kuongea. Ila umri wa chanjo hiyo ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana. Taarifa ile ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari mwaka huo huo. Mwaka 2019 Denmark walitoa matokeo ya watoto 657,461. Chanjo haikuongeza usonji.

Kwa hiyo tuna maneno mawili ya kutenganisha: "nimeona" na "ni kwa sababu". La kwanza ni la mzazi, na hakuna msomi anayeweza kumnyang'anya. La pili halina mwenyewe mpaka lipimwe.

Tusisahau pia kwamba wataalamu nao wana deni. Miaka ya 1950 na 1960 mama wa watoto wenye usonji waliitwa mama baridi kama friji, eti ubaridi wao ndio uliowafanya watoto wajifungie. Bruno Bettelheim wa Chicago alilitetea wazo hilo katika kitabu cha mwaka 1967. Aliyelipinga kwa nguvu mapema, mwaka 1964, ni mwanasaikolojia Bernard Rimland, na Rimland alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe nyumbani kwamba hadithi ile haiendani na mke wake. Akaenda kusoma, akaleta ushahidi. Majirani wanaomwambia dada kwamba alikula kitu kibaya hawajui kwamba kuna maprofesa walikuwa wanasema yale yale, kwa lugha nzuri zaidi.

Nini kifanyike? Mimi si daktari, ninapendekeza kitu cha bei ya daftari. Mzazi aandike. Tarehe, saa, joto la kipimajoto, dawa aliyopewa na saa aliyopewa, amekula nini, amelala vipi, na amefanya nini ambacho hakifanyi siku zote. Aandike alichoona, asiandike anachodhani. Simu ikiwepo achukue video ya dakika moja. Na daktari akiona daftari hilo, asome. Hata kama haamini, anakili mstari mmoja kwenye cheti. Kama daktari yule angeandika mstari mmoja tu, na wenzake wakaandika, leo tungekuwa na cha kuwaambia watafiti wetu kuhusu watoto wetu, badala ya mimi kuwahesabia ninyi watoto wa Baltimore.

Daftari lina faida nyingine. Mtoto asiyeongea hawezi kusema kichwa kinauma. Kila kitu anachofanya watu wanasema "ni usonji wake", akijipiga sikio ni usonji, akikataa chakula ni usonji, kumbe sikio lina usaha na koo limevimba. Anayejua tofauti ni yule anayeshinda naye kutwa.

Dada alinunua daftari, la kawaida, lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. Mwezi wa saba aliandika hivi: saa kumi jioni, joto 38.9, hatazami mtu, hazungushi mfuniko, hataki maji. Safari hii homa haikuleta neno lolote. Hakusubiri saa mbili. Alifika kituoni na daftari mkononi, na muuguzi mmoja mtu mzima akalichukua akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Mama, huyu leo si kama siku nyingine. Apimwe sasa hivi." Ilikuwa malaria.

Amepona. Anazungusha mfuniko, nilimkuta nao juzi. Nilikaa naye sakafuni, hakunitazama. Dada akaniambia kutoka jikoni, "Muache, mdogo wangu. Yuko mzima." Alisema kama mtu aliyeamua jambo.

Kama una mtoto, mdogo wako au mwanafunzi wa namna hii, na umewahi kuona homa ikimbadilisha, kwa heri au kwa shari, anza kuandika leo. Na kama wewe ni daktari unasoma hapa, mama akikuambia kitu cha ajabu, usicheke kwanza. Chukua kalamu.

Naomba kuwasilisha.